Sura ya Tisa: Milimita Nne

Pikipiki ilikuwa imelazwa ubavu juu ya magunia mawili ya sukari yaliyopasuliwa, katika uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, na fundi Clifford alikuwa amekwisha kufungua nati tatu kati ya nne za juu ya injini. Ya nne ilikuwa imegoma.

"Hii ilikazwa na mtu mwenye hasira," Clifford akasema.

"Au mtu mwangalifu," akajibu Sajini Christine Nekoye.

Alikalia kiti cha plastiki, daftari gotini, kikombe cha chai ya maziwa kikipoa juu ya tairi kuukuu. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu kasoro robo asubuhi. Chini ya daftari lake palikuwa na jalada lenye umri wa miaka mitatu, na ukurasa wa kwanza wa jalada ulikuwa umechakaa pembeni kwa kufunguliwa, kurasa nyingine zikiwa mpya kama siku zilipoandikwa.

Jalada lilikuwa la Cornelius Shikanga, fundi wa pikipiki wa Malinya, kule Ikolomani. Alipotea siku ile shimo la wachimba dhahabu lilipoporomoka wakati wa mvua nyingi. Watu wawili walitolewa wamekufa. Cornelius, ambaye injini yake ndiyo iliyokuwa ikivuta maji kutoka shimoni, hakutolewa akiwa hai wala akiwa maiti. Vijana wa kijiji walichimba siku sita wakachoka. Tangu hapo mkewe, Alice, alifika kituoni kila mwisho wa mwezi kama mtu anayekwenda kliniki. Aliuliza swali moja, akajibiwa neno moja, akafunga leso yake vizuri na kurudi kwake.

Mwezi huu alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alileta habari kwamba ukoo umeamua kuzika mgomba. Hiyo ni desturi ya huko: mtu akipotea na mwili wake ukakosekana, hukatwa mgomba, ukalazwa kaburini mahali pake, akaliliwa, yakaisha. Wazee wa akina Shikanga walikuwa wamepanga iwe Jumamosi, yaani kesho. Kuanzia kesho Alice angekuwa mjane. Na wazee walishikilia kwamba aliyezikiwa mgomba amezikwa. Hata akionekana Jumatatu sokoni, kwao ni mtu mwingine.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne. Alice alikuwa amesimama kando ya barabara pale Khayega, mkononi ana mfuko wa dagaa wa omena, pikipiki ikapita. Hakumtazama dereva. Aliisikia tu.

"Mkono wa mzee wangu uko ndani ya hiyo pikipiki," alimwambia Nekoye. "Za wengine zinalianga juu, kama mbuzi. Zake zinakohoa chini, pole pole, kama mtu ameingiza kichwa kwa pipa."

Mwingine angemwambia mama aende nyumbani akapumzike. Nekoye aliandika neno "pipa" na kulipigia mstari. Jumatano pikipiki ilisimamishwa. Injini iliyokuwa ndani yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye logibuku, hati ya usajili, na hiyo ikatosha kumweka dereva, kijana wa kubeba miwa aitwaye Wekesa, ndani kwa maswali.

Sasa Alice alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na ua, mkoba mapajani, miguu pamoja. Alikuwa hapo tangu saa moja.

Nati ya nne ikalegea. Clifford akainua kifuniko cha juu, kisha akakamata silinda kwa mikono miwili na kuichomoa taratibu kama mtu anayetoa mtungi kichwani pa mwenzake. Akasita. Akainama.

"Afande. Njoo uone hii."

Chini ya silinda, mahali ambapo silinda hukalia injini, palikuwa na kibamba cha aluminiamu kilichotobolewa katikati kufuata umbo la silinda. Kilikuwa kimekatwa kwa mkono na kusuguliwa kwa tupa.

"Kiwandani hakiwekwi hicho?" Nekoye akauliza.

"Hakiwekwi. Kilichowekwa na kiwanda ni karatasi tu, gasketi. Hii mtu ameongeza." Clifford akazungusha kranki, mhimili wa chini ya pistoni, kwa kidole, akaangalia pistoni ikipanda na kushuka. Akatoa rula ya chuma mfukoni. Akapima, akapima tena. "Mwendo wa pistoni, ungetakiwa uwe milimita arobaini na tisa na nusu. Hii inatembea hamsini na saba na nusu. Ameongeza nane."

"Nieleze kama unaelezea mama yako."

"Mama yangu ananishinda kwa hesabu." Clifford akafuta mikono. "Sawa. Ukitaka injini iwe na nguvu, uongeze nafasi ya ndani. Ni kama kinu. Unaweza kupanua mdomo wa kinu, ama uongeze kina. Mafundi wengi wanapanua mdomo, wanaweka pistoni kubwa. Ni rahisi. Huyu aliongeza kina. Sasa kina unaongezaje? Angalia pedeli ya baiskeli. Ukirefusha ule mkono wa pedeli milimita nne, mguu wako unapanda nne zaidi na unashuka nne zaidi. Jumla nane. Ndivyo amefanya kwa kranki. Ameziba tundu la zamani, akakereza lingine milimita nne kwenda nje."

"Na kibamba?"

"Pistoni sasa inapanda juu nne zaidi, si ndiyo? Itagonga valvu, ivunje kila kitu. Kwa hivyo unainua silinda yote nne. Kibamba ni milimita nne." Akakipima, akaonyesha rula. "Nne kamili. Sentimita mia moja ishirini na nne za ujazo zimekuwa mia moja arobaini na nne, na kwa nje huoni kitu. Inavuta miwa mlimani bila kupiga kelele. Madam, hii kazi mimi siwezi. Nimesikia juu ya mtu mmoja tu alikuwa anaiweza."

Kule kwenye benchi Alice alikuwa amesimama.

Kabla Nekoye hajafungua mdomo, mlango wa uwanja ulilia na mwanamume mrefu mwenye koti la kanisani na viatu vya mpira akaingia. Alikuwa Jairus Shikanga, kaka mkubwa wa Cornelius. Alimwona shemeji yake, akageuza macho.

"Mirembe, afande. Nimekuja kwa ile barua."

"Barua ipi, mzee?"

"Ya kusema jalada limefungwa. Chifu anaitaka ndiyo turuhusiwe kukusanya watu wa matanga kesho."

"Jalada bado liko wazi. Limekalia goti langu hapa."

Jairus akatazama injini iliyopasuliwa, silinda juu ya gunia, Clifford na rula yake. "Na hii?"

"Pikipiki. Mzee Jairus, shamba la ndugu yako ni kubwa kiasi gani?"

"Robo tatu ya ekari."

"Liko karibu na lile shimo?"

"Linapakana."

"Kuna watu wamekuja kuuliza bei?"

"Wamekuja. Watu wa mawe ya dhahabu wanakujanga kila wiki. Si kwangu tu."

"Na haliwezi kuuzwa kama mwenyewe hajulikani alipo."

"Haliwezi."

"Lakini akizikwa?"

"Afande," Jairus akasema, sauti yake ikishuka, "kama hunipi barua, sema tu. Mimi naenda kuchimba. Jembe haliulizangi barua." Akageuka. Mlangoni akasimama, akasema bila kumtazama mtu, "Alice, watoto wa ukoo kutoka Nambale wamefika. Wanauliza watalala wapi."

"Walale kwa kitanda chake," Alice akajibu. "Si mnasema hatakihitaji."

Jairus akaenda. Nekoye akaandika: *shamba; wanunuzi; haraka.* Akachora duara kuzunguka neno la mwisho.

"Unamshuku?" Clifford akanong'ona.

"Namwandika tu. Hebu niletee hicho kibamba."

Akakipokea kwenye kitambaa safi. Upande wa chini palikuwa pamegandamana gasketi, nayo haikuwa ya dukani. Ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nzito yenye rangi. Mafuta yalikuwa yameilowesha ikawa kama ngozi ya ndizi mbivu, lakini Nekoye alipoinua ukingo wake kwa wembe aliona bawa la ndege wa buluu mwenye kishungi, na kando yake safu za tarakimu zikiwa zimepangwa kwa wiki.

"Kalenda," akasema.

"Mafundi tunakata gasketi kwa chochote. Mimi nimekata kwa kadi ya harusi yangu."

Nekoye alihesabu. Jina la mwezi lilisomeka nusu, "Okto", na tarehe moja ilianguka Jumatano. Akatoa simu, akatafuta, akarudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana.

Alice alikuwa amesogea hadi kwenye ukingo wa gunia. "Mwaka jana," akasema. "Yeye alipotea miaka miwili nyuma yake."

"Tulia kwanza, mama." Clifford alisema kwa upole. "Gasketi inabadilishwa. Mtu yeyote akifungua injini anaweka mpya. Inawezekana kibamba ni cha zamani, alikitengeneza kabla. Karatasi ndiyo ya juzi."

Hilo lilikuwa kweli, na Nekoye alilikubali kwa kichwa. Kisha akamwambia Alice, "Ulileta kile nilichokuomba?"

Alice akafungua mkoba. Ndani ya kitambaa cha mezani chenye maua ya kushonwa mlikuwa na kibamba kingine, kinene, kilichochubuka upande mmoja.

"Hiki ndicho cha kwanza kabisa alifanya. Alikosea. Aliongeza mwendo nane, akakata kibamba nane, hakujua nusu inaenda juu na nusu inaenda chini. Injini ikakataa kuwaka siku tatu. Mimi nilikuwa nacheka, yeye anapiga teke. Akakitupa. Nikaweka chini ya mguu wa meza."

Nekoye akaviweka vibamba viwili sambamba juani. Akavitazama kwa muda ambao chai yake ilipata utando. Clifford alianza kupiga mluzi, akaacha.

"Hapa upande wa mnyororo," hatimaye Nekoye akasema, "kuna kipengo kidogo cha tupa. Kwenye vyote viwili."

"Ni alama ili usikigeuze ukiweka," Clifford akasema. "Lakini mimi ningeiweka mbele."

"Matundu ya nati yamesuguliwa midomo yake ndani na nje."

"Huo ni uangalifu. Wengi hatufanyi."

"Alimfundisha mtu?"

"Cornelius?" Alice akacheka mara moja, kifupi. "Yeye hata funguo ya kufungulia alikuwa anaifunika akikuona. Alikuwa mchoyo wa kazi kama fisi kwa mfupa."

"Basi angalia mistari ya tupa. Clifford, simama hapa. Hiki cha zamani, mistari imelala vipi?"

"Inatoka chini kushoto kwenda juu kulia. Kama mvua yenye upepo."

"Na hiki?"

Clifford akainama. Akakizungusha kibamba, kichwa chini miguu juu. Mistari haikubadilika. Akakigeuza upande wa pili. Upande wa pili nao ulikuwa vivyo hivyo. "Upepo umetoka ng'ambo," akasema polepole. "Huyu anasukuma tupa kwa mkono wa kushoto."

"Basi si yeye," Alice akasema, na mikono yake ikaanguka. "Yeye alikuwa wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kushikia redio tu."

Nekoye alifungua jalada, akapita ukurasa wa kwanza uliochakaa, akaenda kwenye kurasa mpya ambazo hakuna aliyezisoma. Palikuwa na orodha ya vitu vilivyookotwa mdomoni mwa shimo: mapauro matatu, kandambili moja, ndoo, kamba. Cha kumi na moja kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyechoka: *mkono wa shati la buluu, wa kulia, umekwama kwenye mkanda wa pampu, una damu.*

"Alice. Siku ile alivaa shati gani?"

"La buluu. La mistari."

"Mtu aliyekuwa ndani ya shimo hawezi kuacha mkono wa shati kwenye pampu. Pampu ilikuwa nje." Nekoye akafunga jalada. "Hakuwa chini udongo ulipoanguka. Alikuwa juu, na mkanda ulimshika mkono wa kulia. Kipengo ni chake, matundu ni yake, hesabu ya milimita nne ni yake. Kichwa ni kile kile. Mkono ndio umebadilika."

Alice akakaa chini pale pale, juu ya gunia, karibu na silinda. Clifford akageukia ukuta, akajifanya anatafuta spana.

*

Wekesa aliletwa akiwa anakwaruza meno kwa kijiti. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, fulana ya timu ya mpira, na vumbi la miwa masikioni.

"Rudia," Nekoye akasema. "Injini ilifanywa wapi?"

"Mumias, afande. Fundi mmoja nyuma ya msikiti. Amehama."

"Mumias wanatundika kalenda za ndege wa msituni?"

"Manze, mimi naangalianga kalenda? Mimi ni mtu wa miwa."

"Fundi wako anatumia mkono wa kushoto."

Kijiti kikasimama mdomoni. "Mimi sijasema!"

"Hujasema. Kwa nini unamficha?"

Wekesa akatazama sakafu. "Niliapa, afande. Kwa Biblia, yenyewe. Alinitengenezea bila kunisumbua, nikipata nalipa, nikikosa nanyamaza. Kitu kimoja tu aliniomba, nisimtaje wala nisitaje mahali. Ukinipeleka kortini nipeleke. Mama yangu ni wa Jeshi la Wokovu. Kiapo hatuli mara mbili."

Nekoye akasogeza kiti. "Sitaki uvunje kiapo. Wewe nyamaza kabisa. Nitasema mimi. Nikikosea, kohoa. Kukohoa hukuapa?"

Wekesa akafikiri. "Kukohoa hatukuongea."

"Hiyo kalenda inagawiwa na waongoza wageni wa msitu. Kwa hivyo ni Isecheno, kule msituni."

Kimya.

"Ni kabla hujafika kituo cha msitu."

Wekesa akakohoa.

"Ni mbele yake. Pale kwenye vitalu vya miche."

Akakohoa tena, kwa nguvu, kama mwenye pumu.

"Kukereza kranki kunataka mashine, na mashine inataka mtambo wa kuizungusha. Kuna kinu cha kusaga mahindi mbele ya vitalu."

Kijana akaangalia dari. Nzi alizunguka taa akatua. Hakuna aliyekohoa.

"Umekitunza vizuri sana kiapo chako," Nekoye akasema, akasimama. "Mpeni chai."

*

Waliondoka saa sita, Nekoye kwenye usukani, Alice kando yake na mkoba wake. Walipinda Khayega, wakapita Shinyalu, na baada ya hapo hewa ikaanza kupoa na miti ikasogelea barabara.

"Afande," Alice akasema. "Nikikuta ana mwingine?"

"Tutajua tukifika."

"Kila Jumapili napaka jiriwa yake ya kubania vyuma mafuta isishike kutu. Watu wananicheka. Wanasema, huyu anapaka mafuta chuma, wanaume wazima wanatembea." Akapangusa kioo kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. "Nikikuta ana mwingine nitamwambia tu achukue jiriwa yake. Ni nzito. Mimi sitaibeba."

Kinu kilikuwa nyumba ya mabati iliyopauka kwa unga. Nyuma yake palikuwa na kibanda kisicho na ukuta upande mmoja, na kutoka humo ilikuja harufu ya mafuta na chuma kilichokatwa. Kwenye nguzo palitundikwa kalenda ya mwaka jana yenye ndege wa buluu. Oktoba ilikuwa imechanwa.

Mwanamume aliinama juu ya injini, mgongo kwao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani, vidole vimepinda kama tangawizi iliyokauka. Kwa mkono wa kushoto alijaribu kushusha silinda juu ya pistoni, lakini ringi za pistoni zilikuwa zinafunguka na kugoma kuingia. Alikuwa amezifunga kwa uzi. Uzi ukateleza. Akaanza upya.

"Kama ni pikipiki, rudi Jumatatu," akasema bila kugeuka.

"Si pikipiki," Alice akasema.

Silinda ikabaki hewani. Kinu upande wa pili kiliendelea kusaga mahindi ya mtu. Cornelius Shikanga hakugeuka kwa muda mrefu, na alipogeuka hakumtazama mkewe usoni. Alitazama viatu vyake.

"Nani amekuonyesha?"

"Wewe mwenyewe. Umepita kwa masikio yangu Jumanne."

"Sajini Nekoye, upelelezi," Nekoye akasema. "Sikukuja na pingu, fundi. Nina maswali. Siku ile injini ya pampu uliifanyia hivi hivi?"

"Niliongeza nne, kama hizi. Lakini kranki sikuisawazisha uzito upya. Nilikuwa na haraka." Aliongea kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi bila msikilizaji. "Ilikuwa inatetemeka. Walinipigia kelele kutoka chini, fundi, hii kitu inatingisha ukuta. Nikawaambia ngojeni nimalize kuvuta ndoo kumi za maji. Ndoo kumi tu. Nikaona ukuta unatembea. Nikarusha mkono nizime, mkanda ukanichukua."

"Ripoti inasema mvua."

"Ripoti haikuwa pale, madam."

"Huenda ni mvua, huenda ni wewe. Hilo halijulikani tena. Ungekuja useme."

"Niseme mbele ya nani? Wake zao walikuwa wanakuja wanakimbia na watoto. Nikaingia msituni. Zahanati nilitoa jina la baba yangu."

Alice alikuwa hajasogea. "Miaka mitatu, Cornelius. Umekaa mwendo wa saa moja kutoka kwangu."

"Nilikuwa nakuja. Siku za soko, Khayega. Nasimama nyuma ya wauza miwa. Nakuona unachagua omena, unatupa vichwa."

"Uliniona?"

"Na ile sweta yako ya kijani."

"Hiyo sweta nilimpa dada yako mwaka juzi."

"Basi ilikuwa mwaka juzi." Akameza mate. "Baadaye nikawa nasikiliza tu habari zenu kwa watu. Nilijua Jairus ataleta neno la mgomba. Waache wazike, Alice. Ukiwa mjane uko huru. Na wale wajane wawili wakisikia na mimi nimezikwa, watapoa."

Alice akaweka mkoba chini. Nekoye alitarajia kofi, au kilio, kwa sababu alikuwa ameona vyote viwili mahali pengi. Mama huyo alikunja mikono ya blauzi, akapiga magoti kando ya injini, na kwa vidole vinane akaziminya ringi, moja baada ya nyingine, zikafunga na kutii kama macho ya mtoto aliyelala.

"Shusha," akasema.

Cornelius akashusha. Silinda iliingia, ikapita ringi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikatua juu ya kibamba bila sauti. Alice hakutoa mikono yake. Vidole vya kushoto vya Cornelius vilikuwa juu ya silinda na vyake vilikuwa chini, vyote vyeusi kwa mafuta, na kwa kitambo hapakuwa na kazi iliyobaki ya kuvishikilia hapo.

"Nikienda," Cornelius akasema, "siendi nyumbani kwanza. Naenda kwa wale wawili. Niseme kama nilivyosema hapa."

"Tutaenda."

"Wakitufukuza?"

"Tutakaa nje ya lango mpaka wachoke kufukuza."

Nekoye alikuwa amekwisha kutoa simu. "Kuna mtu mmoja lazima asimamishwe kwanza." Akapiga, akaiweka kwa spika. Iliita mara nyingi. Jairus aliposhika, alikuwa anahema.

"Afande, nimekuambia nachimba. Nimefika kiunoni."

"Simamisha hilo shimo, mzee."

"Kwa amri ya nani? Unadhani nataka kuuza shamba? Mimi nimekataa wanunuzi mara nne, uliza chifu! Mimi silali, afande. Kila usiku namsikia chini ya udongo ananiita, na mimi ndiye nilisema tuache kuchimba siku ya sita. Mimi! Wacha nimzike nilale."

Nekoye akafuta lile neno lenye duara kwenye daftari lake, kisha akamnyooshea Cornelius simu. Cornelius akaitazama. Kinu kilikuwa kimenyamaza, na katika kimya hicho pumzi yake ilisikika wazi.

"Haloo?" Jairus akasema. "Nani huyo anapumua?"

Cornelius akainama karibu na simu.

"Nani anapumua hivyo?" Sauti ya Jairus ilikuwa imebadilika. "Sema neno. Moja tu. Hata tusi."

Cornelius akajipangusa uso kwa mkono wa kushoto, akajipaka mafuta hadi sikioni.

"Umekata mgomba upi?" akauliza.

"Ule wa kisimani," ikajibu simu, kwa sauti ya mtoto.

"Huo ndio wa ndizi tamu. Ungekata ule wa kando ya choo, mjinga wewe."

Walichosikia, wote watatu, ni jembe likitupwa chini, na mtu mzima akihangaika kupanda kutoka shimoni kwa mikono na magoti, huku akiita watu wote wa boma kwa majina yao.